Jibu la Wakili Severa

Sehemu ya Tisa

Kama wiki iliyopita gazeti ulilifungia vitumbua kabla hujalisoma, nitakusimulia kwa ufupi. Mambo ya hawa wasomi hayahitaji maneno mengi. Yanahitaji maji ya kunawa baadaye.

Zulekha ni binti wa Masasi aliyemaliza shule ya sheria vizuri tu, akaja kujifunza kazi kwa wakili Severa, ghorofa ya pili, Mtaa wa Lumumba. Ili naye aapishwe kuwa wakili, lazima wakili anayemlea atie saini kwamba binti ana mwenendo mwema, kisha apite kwenye usaili wa Jumuiya ya Mawakili.

Severa akamwambia saini ipo, ila kuna kajikazi. Jumuiya inaandaa semina ya maadili. Kila wakili lazima ahudhurie ndipo leseni yake ihuishwe, na yeye Severa hana nafasi, yuko mikoani anaomba kura. Anagombea nini? Uenyekiti wa kamati ya maadili.

Soma tena kama hukuamini. Mtu anakimbia semina ya maadili ili akaombe kura za maadili.

Basi Zulekha akavaa shingoni kitambulisho chenye jina la Severa, akaenda kukaa kwenye ukumbi wa hoteli kule Posta. Alitetemeka mpaka alipomwangalia jirani yake, msichana wa rika lake aitwaye Angelina, akakuta kifuani ameandikwa Wakili Bakili. Bakili ni mwanaume, na kipara chake kinajulikana mji mzima. Kumbe nusu ya ukumbi ilikuwa makarani na wanafunzi waliotumwa na mabosi wao, na hakuna aliyethubutu kumchoma mwenzake.

Kosa la Zulekha lilikuwa moja tu. Mzee Champaklal, wakili wa siku nyingi aliyekuwa akifundisha, aliuliza swali lake analolipenda. Ukumbi ukanyamaza, na binti akashindwa kuuzuia mdomo. Akasimama, akajibu. Mzee macho yake siku hizi yanaona ukungu tu, kwa hiyo akasomewa jina kwenye kitambulisho, akamsifu wakili Severa mbele ya watu wote. Akaenda kumsifu tena kwenye mkutano mkuu wa Jumuiya. Severa akashinda uenyekiti kwa jibu ambalo hajawahi kulisikia.

Hapo ndipo tulipokuwa. Sasa imefika asubuhi ya usaili wa Zulekha.

Alipoingia ofisini, bango la kampeni lilikuwa bado ukutani. Maadili Kwanza, limeandikwa kwa herufi nene, na Severa pichani ameinamisha kichwa upande, anajifanya anamsikiliza mnyonge. Wanyonge wanaopanda zile ngazi husikilizwa na Zulekha. Severa huonana na wenye magari.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Funga mlango."

Zulekha akafunga.

"Unajua leo nani wako kwenye jopo?"

"Mzee Champaklal, nimesikia."

"Na mimi. Mwenyekiti wa maadili anaingia kwa cheo chake."

Maskini Zulekha, akafurahi. Meno yote nje. Alidhani mtu uliyempa cheo kwa mdomo wako mwenyewe atakukumbuka kwa wema.

"Usichekecheke," Severa akasema. "Yule mzee swali lake ni lile lile tangu enzi, hajui lingine. Ataliuliza. Na wewe hutalijibu."

"Sitalijibu kivipi?"

"Utababaika. Utasema hujui. Ukijibu kama siku ile atakutambua. Macho hana, masikio anayo."

"Bosi, nikisema sijui si nitaanguka?"

"Utaanguka, ndiyo. Kwani kuanguka usaili ni kufa? Utarudi usaili unaofuata. Mimi nimo humo, nitakubeba. Saini yako nimeshatia. Unataka nini tena?"

Zulekha hakusema anachotaka. Alitaka kuapishwa. Mama yake kule Masasi ameshawaambia watu wa msikitini, ameshawaambia wa kanisani, ameshamwambia mpaka muuza mihogo.

Severa akajitazama kwenye kioo cha simu, akapaka rangi ya mdomo, halafu akauliza bila haya wala soni, "Hebu nikumbushe. Nilijibu nini siku ile? Watu wananiuliza kila niendako."

Zulekha akasimulia. "Mzee aliuliza hivi. Wakili anayekulea kazini amemdanganya jaji, na katika uongo huo wewe ulimsaidia. Utafanya nini?"

"Enhe."

"Nikajibu kwamba nitamfuata faragha kwanza, nimpe nafasi ya kwenda kujisahihisha mwenyewe mbele ya jaji. Akikataa nitakwenda mimi, kwa sababu kiapo changu nimeiapia mahakama, sikumwapia yeye. Halafu kipande cha pili ni..."

Simu ya Severa ikaita. Alikuwa mtu wa kumpongeza.

"Inatosha, nimeelewa," Severa akasema, akamfukuza kwa kiganja. "Nenda. Na usinizingue."

Hivyo ndivyo walivyo. Wanaitana wasomi kutwa, msomi mwenzangu hivi, msomi mwenzangu vile, na kusikiliza sentensi mbili mpaka mwisho hawawezi.

Zulekha hakwenda Posta moja kwa moja. Alivuka kwenda Kariakoo, Mtaa wa Mkunguni, kwenye duka la kanga la mama yake mdogo, Mwanamkuu, ambaye Zulekha anaishi nyumbani kwake Ilala. Joho lake jeusi la uwakili lilikuwa linaning'inia pale dukani kwenye msumari, ndani ya nailoni. Mama mdogo alimpelekea fundi kitambaa bila kuulizwa, na tangu hapo kila mteja huonyeshwa. Mtu amekuja kuchagua doti ya harusi, kwanza aangalie joho.

Binti akakaa juu ya robota la kanga, akasema yote. Kitambulisho, semina, Angelina, jibu, uenyekiti, mpaka maneno ya asubuhi ile. Alikuwa hajamwambia mtu. Aliposema, machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Mwanamkuu alikuwa anakunja kanga. Hakuacha kukunja. Zulekha alipomaliza, mama mdogo akasonya, sonyo refu la kuanzia moyoni.

"Ngoja nielewe. Wewe ulijifanya wakili. Leo ujifanye mjinga. Ili yule mwanamke aendelee kujifanya mwadilifu."

"Ndiyo, mama."

"Na hao ndio wa kututetea sisi tukidhulumiwa."

Mwanamkuu akachukua kanga nyingine.

"Kwa nini usiseme tu ukweli huko mbele yao?"

"Naangamia, mama. Kujifanya wakili ni kosa la jinai. Sitaapishwa maisha."

"Si yeye aliyekutuma?"

"Atakana."

"Na ukinyamaza?"

"Nitarudi usaili mwingine. Ameahidi."

"Ameahidi," Mwanamkuu akarudia, na lile neno likatoka limekauka. Mteja mmoja akachungulia kuulizia kanga za njano, akaambiwa asubiri kidogo. "Mwanangu, mimi nauza kanga, siwezi kukufundisha sheria. Ila nimekaa Kariakoo miaka. Mtu akikutuma uongo leo, kesho haoni sababu ya kukuweka hai, maana wewe ndiye unayejua."

"Hajafikia huko, mama. Ni mtu mzima yule. Ana saini yake pale."

"Haya. Wewe ndiye msomi," Mwanamkuu akasema, akamgeukia mteja wa njano.

Zulekha akafika ofisi za Jumuiya amechelewa kidogo na jasho la mgongo. Kwenye benchi la kusubiri alimkuta mtu anayemfahamu. Angelina, amevaa suti ya kijivu, anatafuna kucha.

"Wakili Bakili," Zulekha akamtania.

Angelina hakucheka. "Usitaje hilo jina. Yumo ndani."

"Nani?"

"Bosi wangu. Bakili. Ni wa tatu kwenye jopo."

Zulekha akahesabu upya. Jopo la watu watatu la kupima maadili ya mawakili wapya. Mmoja haoni. Wawili waliobaki, ile semina ya maadili walikaliwa na watoto wa watu.

"Na wewe umeambiwa useme hujui?" akanong'ona.

Angelina akageuka kumtazama, macho mekundu. "Anasema nikilijua jibu, mzee atauliza nimelisikia wapi."

Aliitwa yeye kwanza. Hakukaa sana ndani. Alipotoka alikuwa anatabasamu tabasamu la msibani, lile la kuwaonyesha watu kwamba huna neno.

"Nimesema sijui," akasema. "Bakili ameniambia nirudi usaili ujao. Amenipa pole mbele ya watu. Wewe nenda, sema, utoke. Haiumi."

Akaketi benchini kumsubiri mwenzake, akarudia kucha zake. Zulekha akaitwa.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, kiyoyozi kinachonguruma na picha za marais wa Jumuiya wote waliopita, kila mmoja amekunja uso. Katikati mzee Champaklal, shati jeupe, miwani minene, kalamu mkononi. Tusimpambe sana mzee huyu. Amekaa kwenye jopo lile mpaka kiti kimechukua umbo lake, na swali jipya hajalitunga. Anajua watu wanatumana semina? Kama hakujua, alikuwa amechagua kutojua. Kushoto kwake Severa. Kulia Bakili, kipara kinang'aa, anachezea simu chini ya meza.

"Shikamooni," Zulekha akasema kwa sauti ya chini kabisa.

Champaklal akainua kichwa. "Marahaba. Hii sauti..."

"Ana mafua," Severa akadakia. "Huyu ni mwanafunzi wangu, mzee. Nasema mapema, wasije watu wakasema nimeficha. Lakini nitampima kama nitakavyompima mwingine yeyote."

"Vizuri," mzee akasema. "Maadili ndiyo hayo."

Bakili akaitikia kwa kichwa kwa heshima zote. Angelina wa kwake alikuwa ametoka sasa hivi, na Bakili hakusema hata nusu ya hayo.

"Haya, binti," mzee akaanza, na uso wake ukachangamka, maana alikuwa anafika kwenye swali lake. "Wakili anayekulea kazini amemdanganya jaji. Na katika uongo ule wewe ulimsaidia. Utafanya nini?"

Severa akamkazia macho Zulekha. Akatikisa kichwa, kidogo tu.

Kiyoyozi kikanguruma.

"Sijui, mzee," Zulekha akasema.

"Hujui, au umesahau?"

"Sijui."

Mzee akashusha mabega. Alionekana amechoka. "Wa pili huyu leo. Wanafundishwa nini huko?"

Hapo mambo yangeisha. Binti angetoka, angekaa benchini na Angelina, wangelia pamoja, wangerudi usaili unaofuata. Alichotakiwa Severa ni kunyamaza tu. Lakini mtu aliyezoea kupigiwa makofi hawezi kunyamaza kwenye chumba chenye watu.

"Mnaona wenyewe, wazee wangu," Severa akasema, akajinyoosha kitini. "Hawa watoto wa siku hizi wanataka joho tu wakapigie picha. Huyu nimemtoa Masasi hajui hata kushika faili." Uongo huo, binti alifika Lumumba akijua sheria kuliko yeye. "Maadili nimemwimbia kutwa. Haingii. Kwa hiyo mimi kama mwenyekiti wa kamati, naomba iandikwe kwamba ile saini yangu ya mwenendo mwema naiondoa leo. Jumuiya haiwezi kuchafuliwa na watu wa namna hii."

Zulekha akaelewa. Bila ile saini hakuna kurudi. Wala usaili unaofuata, wala wa baada ya huo. Wakili yupi mwingine angemtilia saini binti aliyekataliwa na mwenyekiti wa maadili?

Mama mdogo alikuwa amesema. Akiwa anakunja kanga, alikuwa amesema.

"Unaweza kwenda," Bakili akamwambia, macho kwenye simu.

Zulekha hakwenda.

"Naomba kujibu swali."

"Si umesema hujui?" mzee akauliza.

"Nimedanganya, mzee."

Severa akakohoa. Zulekha hakumtazama. Hasira ilikuwa imempanda, na hasira ile ilimsaidia, kwa sababu ilimwondolea ile sauti ya chini.

"Nitamfuata faragha kwanza, nimpe nafasi ya kwenda kujisahihisha mwenyewe mbele ya jaji. Akikataa nitakwenda mimi, kwa sababu kiapo changu nimeiapia mahakama, sikumwapia yeye."

Simu ya Bakili ikaanguka sakafuni. Hakuiokota.

Mzee Champaklal akaisimamisha kalamu hewani.

"Hilo ni jibu la wakili Severa," akasema hatimaye. "Neno kwa neno. Nimelirudia mwenyewe mbele ya mkutano mkuu. Binti, umelikariri?"

Kabla Zulekha hajafungua mdomo, Severa alikuwa ameshavaa miwani ya mbao.

"Ni langu, mzee. Anakaa ofisini kwangu, ananisikia ninavyofundisha. Ameliiba. Mimi nilikuwa naona aibu kulisema mwenyewe, nashukuru mmejionea."

Mtazame. Mtoto wa watu amemkalia semina, amempa jibu, amempa kura, na sasa anaitwa mwizi wa kitu alichompa. Na yule mwanamke hata jicho halikucheza.

"Ameliiba," mzee akarudia taratibu.

"Kabisa. Hilo nalo liandikwe."

Champaklal hakuandika. Akaiweka kalamu mezani, akamgeukia Severa, kichwa kimeinamia upande wa sikio.

"Basi kazi ni nyepesi. Siku ile jibu halikuishia hapo. Lilikuwa na kipande cha pili. Kipande kile ndicho kilichonifanya niwasimamishe watu wote wapige makofi, cha kwanza hata kwenye vitabu kimo. Wakili msomi Severa, limalizie jibu lako."

Severa akatabasamu. Tabasamu likakaa usoni muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Kipande cha pili ni kwamba wakili wakati wote lazima awe mwadilifu."

"Sicho."

"Azingatie kanuni za taaluma."

"Sicho."

"Mzee, tangu siku ile nimekuwa na majukumu mengi, kampeni, safari..."

"Jibu la moyoni mtu halisahau, wakili."

"Mzee," Bakili akaingilia, jasho limemtoka kiparani na kiyoyozi kinanguruma, "muda umekwenda. Tungepata chai kwanza, haya ya ndani tukayazungumza wenyewe kama wasomi."

"Chai itakusubiri, Bakili."

Mzee akageuza shingo tena, safari hii kwa binti. Yale macho ya ukungu hayakumlenga sawasawa, yalitua karibu na bega lake. Sikio ndilo lililomlenga.

"Na wewe mwizi wa majibu. Unakijua kipande cha pili?"

Alikijua. Alikitunga mwenyewe, siku ile, akiwa na jina la mtu mwingine kifuani, na kilimtoka kirahisi kwa sababu hakikuwa kinamhusu. Leo kilikuwa kinamhusu. Hakuna namna ya kukisema ndani ya chumba kile bila kukitenda.

Akinyamaza, ni mwizi, na saini imeondolewa. Akisema, ni mtu aliyejifanya wakili, na joho la Mkunguni litabaki kwenye nailoni. Akamtazama Severa. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, bosi wake alikuwa anamwomba. Midomo iliyopakwa rangi asubuhi ilikuwa inasema bila sauti, tafadhali.

Zulekha akamtazama mpaka yule mwanamke akainamisha macho.

"Nikisimama mbele ya jaji," akasema, "nitaanza kujitaja mimi mwenyewe. Ndipo nimtaje yeye."

Mzee Champaklal akaitikia kwa kichwa, polepole, mara kadhaa. Akavua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati, akaiweka mezani.

"Ndicho," akasema. "Bakili, kaa chini, sijakuruhusu kutoka. Haya, binti. Umeshasimama. Jitaje."